Hawakuja, Hawaji, Hawajaja: Uhakiki wa Hojaji za Wavuvi

Utangulizi

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuhakiki matini ya aina nyingine: hojaji, yaani ile karatasi ya maswali ambayo mtafiti huibeba anapokwenda kuwauliza wavuvi habari za wanyama wa majini. Huenda baadhi ya walimu wenzetu wakauliza: hojaji inaihusu nini idara ya Kiswahili? Jibu letu ni kwamba hojaji nayo ni matini. Ina mtunzi wake, ina hadhira yake, ina msamiati uliochaguliwa na msamiati ulioachwa nje. Mara nyingi imetungwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ikafasiriwa kwa Kiswahili ili iulizwe, kisha majibu yakafasiriwa tena ili yachapishwe. Ni matini inayovuka mto mara mbili, na kila inapovuka kuna kitu kinachoangukia majini.

Ikumbukwe pia kwamba matokeo ya matini hii si madogo. Kutokana nayo huamuliwa ni wapi pafungwe kwa uvuvi, ni nyavu zipi zipigwe marufuku, na ni mnyama yupi atangazwe kuwa hatarini kutoweka. Riwaya ikifasiriwa vibaya, msomaji hukosa raha. Hojaji ikifasiriwa vibaya, mvuvi anaweza kukosa riziki na mnyama akakosa ulinzi.

Hapa Rusizi jambo hili linatugusa. Tunaishi kando ya Ziwa Kivu, mkabala na Bukavu, na wanafunzi wanaojua Kinyarwanda, Kiswahili na lugha moja ya kigeni ndio wanaotafutwa watafiti wanapohitaji wakalimani. Kijana wa mwaka wa pili anaweza kupewa hojaji asubuhi na kutakiwa jioni arudishe majibu ya wavuvi ishirini. Tumemwandaa vipi kwa kazi hiyo? Hoja yetu katika makala haya ni moja: maarifa ya wenyeji juu ya mienendo ya wanyama yamo ndani ya lugha yao, hususan katika sarufi yake, na mtafiti anayechukua jibu akaacha lugha huwa ameacha sehemu kubwa ya maarifa aliyoyafuata.

Somo kutoka Aktiki

Mfano mashuhuri wa matumizi ya maarifa ya wenyeji katika elimu ya wanyama wa bahari unatoka mbali nasi, kwa Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za Alaska, Kanada na Greenland. Tunauleta hapa kwa sababu unaonyesha waziwazi faida ya kusikiliza na hasara ya kutosikiliza.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kusimamisha uwindaji wa nyangumi wa Aktiki, yule mwenye kichwa kikubwa chenye umbo la upinde, ambaye Wainupiati wa kaskazini mwa Alaska wamemwinda kwa karne nyingi kwa ajili ya chakula. Sababu iliyotolewa ni kwamba nyangumi hao walikuwa wamebaki wachache mno. Makadirio ya wanasayansi wakati huo yalikuwa kati ya 600 na 2,000. Wawindaji walipinga. Mwaka huohuo waliunda tume yao wenyewe, Alaska Eskimo Whaling Commission, na hoja yao ilikuwa ya kitaalamu, si ya kisiasa pekee. Walisema kwamba wahesabuji husimama ukingoni mwa barafu na kuhesabu nyangumi wanaopita kwenye maji ya wazi, ilhali nyangumi wengine hupita mbali upeo wa macho usikofika, na wengine hupita chini ya barafu yenyewe, wakiivunja kwa vichwa ili wapate kupumua.

Katika miaka ya 1980 watafiti walishusha vinasa sauti chini ya maji karibu na mji wa Barrow, ambao tangu 2016 unaitwa Utqiaġvik, wakaongeza na hesabu za ndege. Sauti za nyangumi zilisikika hata pale ambapo jicho halikuona kitu. Makadirio yakapanda: mwaka 2001 yalikuwa zaidi ya 10,000, na mwaka 2011 yalikaribia 17,000. Ni kweli kwamba sehemu ya ongezeko hilo ni la uzazi, kwa kuwa nyangumi hao walikuwa wakiongezeka tena baada ya kuangamizwa na meli za biashara. Lakini sehemu nyingine ni ya wale ambao siku zote walikuwepo na hawakuhesabiwa.

Mfano wa pili ni mdogo, lakini kwa mwalimu wa lugha una mafunzo zaidi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Henry Huntington aliwahoji wazee wa Alaska kuhusu beluga, nyangumi mweupe wa kaskazini. Hakutumia maswali yaliyofungwa, bali aliwaacha wazungumze. Katika mazungumzo hayo wazee wa eneo la Norton Bay walianza kuongea habari za biva, mnyama wa mito ya bara ambaye hujenga mabwawa kwa miti anayoiangusha kwa meno. Msikilizaji mwenye haraka angesema wazee wametoka nje ya mada. Kumbe hawakutoka. Biva walikuwa wameongezeka; mabwawa yao huziba mito ambamo samaki huenda kutaga; samaki wakipungua, beluga wanaowafuata samaki hao nao hubadili njia. Habari za nyangumi zilikuwa ndani ya habari za mnyama wa mtoni.

Hebu tujiulize: hojaji ya maswali ya ndiyo na hapana ingempata wapi biva? Hakuna mtunzi wa hojaji ya nyangumi ambaye angeandika swali juu ya mabwawa ya bara. Ndiyo maana tafiti za baadaye, kwa mfano zile zilizofanywa kati ya 2007 na 2010 katika jumuiya 11 za Nunavut nchini Kanada, zilitumia mahojiano ya wazi kuwauliza wawindaji juu ya nyangumi muuaji, mnyama ambaye amezidi kuonekana katika ghuba za huko kadiri barafu ya majira ya joto inavyopungua.

Tukiwa bado huko kaskazini, tutoe tahadhari moja. Wanafunzi wengi wa isimu wamesikia kwamba watu wa barafu wana maneno mamia ya kutaja theluji. Dai hilo lilikuzwa kupita kiasi, na wanaisimu Laura Martin na baadaye Geoffrey Pullum walikwisha kulikosoa. Tunalitaja kwa sababu linatupeleka mahali pasipo. Linatufanya tudhani kwamba maarifa ya wenyeji ni orodha ya maneno, na kwamba mtafiti akishapata faharasa amemaliza kazi. Ukweli ni kwamba maarifa hukaa zaidi katika namna maneno yanavyofungwa pamoja. Hilo tutalionyesha kwa lugha yetu wenyewe.

Nguva wa pwani yetu

Katika Afrika Mashariki mnyama wa bahari ambaye habari zake zimetegemea sana vinywa vya wavuvi ni nguva. Nguva ni mamalia, hupumua hewa, hunyonyesha, na hula nyasi za baharini katika maji ya kina kifupi. Zamani alijulikana kutoka pwani ya Somalia hadi Msumbiji. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250. Kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji.

Mnyama aliyebaki mchache kiasi hicho, na tena katika maji yenye matope kama ya delta ya Rufiji, ni vigumu kumwona kwa ndege. Kwa hiyo watafiti walikwenda kwa wavuvi. Mwaka 2003 ilitolewa tathmini ya hali ya nguva nchini Tanzania ambayo ilitegemea sana habari za wanavijiji wa pwani, na shirika la Sea Sense limeendelea na kazi hiyo pamoja na jamii za huko. Ni habari za wavuvi zilizoelekeza macho ya wahifadhi kwenye maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Aidha, chini ya makubaliano ya kimataifa ya kuhifadhi nguva yaliyoanza kutumika mwaka 2007, hojaji ya namna moja ilitayarishwa na kutumika katika nchi nyingi ili majibu ya nchi moja yaweze kulinganishwa na ya nyingine.

Lazima tuwe waadilifu katika uhakiki wetu. Hojaji hizo zimefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Zimempa mvuvi nafasi ya kuulizwa, jambo ambalo kwa miaka mingi halikufanyika. Hatuzikosoi kwa kuwa zipo. Tunazikosoa kama tunavyokosoa tafsiri yoyote: kwa kuangalia zimebeba nini na zimeacha nini.

Tuanze na jina lenyewe. Katika Kiswahili cha mijini, vitabu vya watoto na filamu zimelifanya neno nguva kumaanisha kiumbe wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki. Mvuvi wa Mafia na msaili aliyekulia mjini wanaweza kutamka neno moja huku kila mmoja akiona picha yake. Swali linaloonekana rahisi, "Umewahi kuona nguva?", kwa sikio jingine ni swali la mashetani ya baharini, na huenda likajibiwa kwa kicheko au kwa kimya. Kumwonyesha mhojiwa picha husaidia, lakini hakumwondolei msaili wajibu wa kujua neno analolitumia lina historia gani.

Chukua tena chakula cha nguva. Mfasiri asiyejua bahari anaweza kuandika "mwani" pale palipokusudiwa nyasi za baharini. Tofauti si ndogo. Nyasi za baharini ni mimea yenye mizizi na maua. Mwani ni kitu kingine, na Zanzibar mwani hulimwa kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mama mkulima wa mwani akiulizwa kama nguva hula mwani, atajibu kwa uaminifu juu ya shamba lake, na jibu lake litaingizwa katika safu isiyo yake.

Sarufi ya kutoonekana

Sasa tufike kwenye kiini cha uhakiki wetu. Hojaji nyingi za wanyama huuliza kama mnyama ameonekana au hakuonekana. Jibu la pili huandikwa sifuri. Lakini Kiswahili hakina sifuri moja. Tuchukue mfano wa mvuvi anayeulizwa kuhusu nyangumi mwenye nundu, ambaye kila mwaka hutoka katika bahari ya kusini ya mbali, akapanda hadi maji ya Tanzania na Kenya takriban kati ya Julai na Oktoba. Mvuvi anaweza kusema:

Mwaka huu hawakuja.
Siku hizi hawaji.
Mwaka huu hawajaja.

Kila mwalimu wa sarufi anajua tofauti iliyopo hapa, ingawa mara nyingi huifundisha kwa mifano ya wageni na chakula. "Hawakuja" hufunga jambo: msimu ulikuwepo, umepita, nao hawakuonekana. "Hawaji" huvunja mazoea: kulikuwa na desturi, na desturi hiyo imekoma. "Hawajaja" huacha mlango wazi: msemaji bado anatazamia, kwa kuwa anajua wakati wao na kwa hesabu yake wakati huo haujaisha. Kiambishi -ja- kimebeba ujuzi mzima wa ratiba ya mnyama. Mvuvi anaposema "hawajaja" katika mwezi wa Agosti, ametupa habari mbili: kwamba hajaona, na kwamba kwa kawaida angekuwa amekwisha kuona au yu karibu kuona. Majibu yote matatu yakifasiriwa kuwa "hapana", mtafiti wa mienendo ya wanyama amepoteza kile alichokuja kukitafuta, yaani kuchelewa, kukoma na kukosekana.

Vivyo hivyo kwa upande wa kuyakinisha. "Huja" si sawa na "wanakuja", na "walikuwa wakija" si sawa na "walikuja". Kiambishi hu- ni cha mazoea. Anayekitumia anadai kujua kanuni, si tukio. Mzee akisema "nguva hupita hapa", mtafiti anapaswa kuuliza zaidi, kwa kuwa huenda kanuni hiyo ni ya ujana wake. Akisema "walikuwa wakipita hapa", basi ameshaipima kanuni ya zamani kwa hali ya leo na kuona imevunjika. Sentensi hiyo fupi ni ulinganisho wa vipindi viwili, na imetolewa na shahidi aliyekuwepo katika vyote.

Kuna na suala la mtenda. Sheria za Tanzania na Kenya zinamlinda nguva, na mvuvi anajua hivyo. Basi tusishangae akisema "nguva aliingia wavuni" badala ya "tulimnasa nguva". Katika sentensi ya kwanza mtenda ni mnyama. Katika ya pili mtenda ni mvuvi. Mfasiri anayegeuza ya kwanza kuwa ya pili kwa kudhani anarahisisha, ametenda makosa mawili kwa mpigo. Amempa mtu hatia ambayo hakuikiri, na amefuta habari ya kweli juu ya namna mnyama anavyokufa, kwamba nyavu kama za jarife zilizotegwa kwa ajili ya papa na samaki wengine humpata nguva bila kukusudiwa. Hata "sijaona" ya mvuvi inahitaji kusomwa kwa makini: huenda ni habari ya bahari, na huenda ni habari ya hofu ya karatasi iliyo mkononi mwa msaili.

Mifano ya kazi iliyofanywa vizuri ipo. Mwaka 2002 Omar Amir, Per Berggren na Narriman Jiddawi walichapisha utafiti juu ya pomboo wanaonaswa bila kukusudiwa katika nyavu za Zanzibar, na sehemu kubwa ya habari zao ilitoka kwa wavuvi wenyewe. Miongoni mwa waandishi hao walikuwemo Wazanzibari, wazungumzaji wa lugha ya wahojiwa. Hatudai kwamba hilo peke yake ndilo lililoufanikisha utafiti. Tunasema kwamba si jambo la pembeni, na lingestahili kutajwa katika kila ripoti: nani aliuliza, kwa lugha gani, na kwa lahaja gani.

Kalenda ya nani?

Hojaji hupenda kuuliza: mwezi gani? Mtafiti anategemea jina la mwezi wa kalenda ya ofisini. Lakini mwaka wa mvuvi wa pwani haukupangwa hivyo. Umepangwa kwa pepo, kaskazi na kusi, na kwa vipindi vya tanga mbili vinavyozitenganisha. Umepangwa kwa mwezi mwandamo na maji yake, bamvua na maji mafu. Tena ipo hesabu ya zamani ya Nairuzi, ambayo huhesabu siku za mwaka wa jua kwa makumi yaitwayo miongo, na ambayo mabaharia na wakulima waliitumia kujua wakati wa kusafiri na wa kupanda. Kumbukumbu yake ingali hai Makunduchi katika sherehe za Mwaka Kogwa.

Mvuvi anayesema "hupita kusi likianza kulegea" ametaja hali ya bahari, si tarehe. Mtafiti akiandika "Septemba" ameibadili habari. Na kama pepo zenyewe zinabadilika, kama inavyohofiwa katika enzi hii ya mabadiliko ya tabianchi, basi tafsiri hiyo imefuta hasa kile kinachochunguzwa. Yawezekana mnyama hakubadili wakati wake hata kidogo. Bado anafuata mwisho wa kusi, na ni mwisho wa kusi uliosogea. Aliyeandika "Septemba" hataweza kulijua hilo kamwe.

Na sisi wa Ziwa Kivu?

Msomaji wa Kamembe anaweza kusema: haya ni ya wenye bahari. Ziwa Kivu halina nyangumi wala nguva. Ni kweli, lakini lina samaki wanaohama, lina wavuvi wanaowafuata, na lina watafiti wanaouliza maswali. Zaidi ya hayo, historia yake ni somo zuri la majina.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga vya samaki wadogo vililetwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika. Matumaini ya wapangaji yalikuwa juu ya ndagala, dagaa maarufu wa Tanganyika. Ndagala hakustawi. Aliyestawi ni ndugu yake, Limnothrissa miodon, ambaye huku tunamwita isambaza, na ndiye aliyekuja kuwa msingi wa uvuvi wa ziwa zima, upande wa Rwanda na upande wa Kongo. Mwaka 2006 watafiti waliandika kuonekana kwa samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus. Wavuvi wa upande wetu wanamwita Rwanda rushya, yaani Rwanda mpya. Jina hilo ni ushahidi. Linatuambia kwamba waliomwita hivyo walijua kuwa ni mgeni, na kwamba walijua ziwa lao vya kutosha kumtofautisha na wenyeji.

Isambaza hukaa chini mchana na kupanda usiku, na hawezi kushuka sana kwa sababu chini ya mita 60 au 70 hivi maji ya Kivu hayana hewa ya kumtosha. Wavuvi wanaotoka jioni na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba na kuwasha taa, wanaijua tabia hiyo ya kupanda na kushuka. Wanajua kwa nini usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki. Wana majira yao ya kusemea hayo: itumba, impeshyi, umuhindo, urugaryi. Tena Kinyarwanda, kama Kiswahili, kina sarufi ya kutoonekana. Mvuvi anayesema "ntizaje" amefunga habari. Anayesema "ntiziza" ametaja mazoea. Anayesema "ntiziraza" angali anatazamia. Mwanafunzi wetu anayekalimani kati ya Kinyarwanda na Kiswahili ana bahati ambayo mfasiri wa Kiingereza hana: lugha zake mbili zinakubaliana katika jambo hili. "Ntiziraza" ni "hawajaja", bila kupoteza kitu. Itakuwa aibu kwetu tukimwacha apite kwa "hapana" ilhali daraja lipo.

Hapo hatujataja wakazi wa kisiwa cha Nkombo, ambao lugha yao ina undugu na Kihavu na Kimashi, wala Kiswahili cha Bukavu ambacho wavuvi na wachuuzi huvuka nacho kila siku. Katika darasa la sarufi tumezoea kukisahihisha Kiswahili hicho. Katika utafiti, kukisahihisha ni kuharibu ushahidi. Msaili aandike alivyosikia, kisha ndipo afasiri.

Pingamizi

Kuna pingamizi mbili ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba wenyeji nao hukosea. Ndiyo, hukosea. Kumbukumbu huchakaa, na kila kizazi huichukulia hali iliyoikuta kuwa ndiyo ya kawaida. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly alieleza jambo hili kwa upande wa wanasayansi wenyewe, kwamba kila kizazi chao huanza kupima upungufu kutoka pale kilipoanzia kazi. Kwa hiyo hatusemi neno la mzee lipokelewe bila kupimwa. Tunasema kwamba huwezi kulipima kwa haki kabla hujalisikia lilivyosemwa. Wawindaji wa Barrow walipimwa kwa vinasa sauti, na kipimo kikawezekana kwa sababu dai lao lilieleweka kikamilifu: si kwamba nyangumi ni wengi tu, bali kwamba hupita chini ya barafu.

Pingamizi ya pili ni ya gharama. Mahojiano ya wazi huchukua muda mrefu, na kuyanukuu na kuyafasiri ni kazi nzito. Watafiti wana bajeti na tarehe za mwisho. Hili ni la kweli, nasi hatupendekezi kwamba hojaji zitupwe. Lakini mapendekezo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, hojaji itanguliwe na mazungumzo huru, hata ya nusu saa, na wazee wachache wa mahali husika, ili maneno ya maswali yatoke kwao. Pili, jibu la mhojiwa lihifadhiwe katika lugha aliyoitumia, kando ya tafsiri yake, ili msomaji wa baadaye aweze kurudi kwenye asili. Tatu, wakati utajwe kwanza kwa majira ya mhojiwa, ndipo ubadilishwe kuwa tarehe. Nne, jina la mkalimani na lugha zake ziandikwe katika ripoti. Tano, matokeo yarudishwe kwa waliohojiwa katika lugha wanayoisoma au kuisikia, nao wapewe nafasi ya kuyakosoa. Tafsiri ambayo msemaji wa asili hajawahi kuiona haijakamilika.

Kwa upande wa ufundishaji, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na wahitimu wetu wanatarajiwa kufanya nacho kazi katika Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Tunapendekeza kwamba katika somo la tafsiri, pamoja na matini za fasihi na za habari, wanafunzi wapewe hojaji halisi waihakiki. Na katika somo la sarufi, vikanushi vya njeo vifundishwe pia kwa mifano ya mvua, samaki, ndege na mavuno, mahali ambapo tofauti ya "hawakuja" na "hawajaja" ina uzito katika maisha ya watu. Kazi nzuri ya shahada ya kwanza ingeweza kufanywa hapahapa ziwani: kukusanya, kwa idhini ya wavuvi wenyewe, msamiati na semi wanazotumia kuelezea kuja na kuondoka kwa isambaza na Rwanda rushya, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa lugha ya Nkombo.

Tunawaalika walimu wenzetu na wanafunzi watuletee maoni yao, hasa wale waliowahi kufanya kazi ya ukalimani katika utafiti. Ni maneno gani yaliwashinda kufasiri? Mlifanya nini yalipowashinda? Majibu ya maswali hayo ni sehemu ya sayansi yenyewe, na hakuna idara nyingine itakayoyakusanya kama sisi hatukuyakusanya.